Mfugaji wa Mbwa Waliosajiliwa Atawafikiaje Wananchi?

(Hotuba hii ilitolewa katika siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia. Msemaji ni mfugaji wa mbwa waliosajiliwa. Tunaichapa karibu kama alivyoisema, ili vikundi viisome na kuijadili.)



Nimeitwa kuongea juu ya mbwa. Nimesikia wengine mkicheka hapo nyuma. Mnasema tumekuja kujifunza mambo ya nyuki, maji na kuku, na huyu anatuletea habari za mbwa. Chekeni tu, lakini kwanza nijibuni. Nani hapa ana mbwa nyumbani? Inueni mikono. Mnaona? Ni karibu sisi sote. Sasa, nani anamjua mama wa mbwa wake? Mikono imeshuka. Hapo ndipo maneno yangu yanapoanzia.

Naona hapa wenzangu wawili watatu walio na mbwa waliosajiliwa. Pia kuna vikundi viwili vilivyoniambia vinataka kuanza kuwafuga ili kuuza. Wengine ninyi ni wanunuzi tu, mnataka mbwa wa kulinda boma. Maneno haya ni ya wote, kwa maana mfugaji asipomfikia mwananchi, wote wawili hupata hasara.

LANGO LANGU NA LANGO LA JIRANI

Wacha niwaambie yaliyonipata. Mwaka wangu wa pili wa kufuga, mbwa wangu jike, German Shepherd, alizaa watoto wanane. Nikawasajili wote. Nikatundika kibao langoni, kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Wiki ya nane ikafika, ya tisa, ya kumi, hakuna aliyebisha hodi. Unga na maziwa vikawa vinanimaliza.

Wakati huo huo, jirani yangu wa lango la tatu aliibiwa ng'ombe usiku. Akapanda matatu mpaka mjini, akanunua watoto wawili wa mbwa kwa mtu aliyesimama kando ya barabara na kikapu. Aliambiwa ni German Shepherd halisi, wamekwisha kuchanjwa. Siku ya nne wakaanza kutapika na kuhara damu. Ulikuwa ugonjwa wa pavo. Siku ya sita wote wawili walikuwa wamekufa, na mtoto wake mdogo, ambaye alikuwa amekwisha kuwapa majina, analia uani.

Nilienda kumpa pole. Nikamwuliza, "Jirani, kwa nini hukuja kwangu? Mimi nina wanane." Akaniangalia, akasema, "Kwani wewe huuza? Mimi nilijua hao ni mbwa wa watu wakubwa."

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa na mbwa wazuri, nilikuwa na karatasi, nilikuwa na kibao. Lakini jirani ninayesalimiana naye kila asubuhi hakujua kwamba mlango wangu ni wake pia. Yule mtu wa kikapu alimfikia kunishinda mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali hili: sisi tuliosajili mbwa wetu, tutawafikiaje wananchi?

KWANZA, KUSAJILIWA NI NINI?

Wenye ng'ombe wa gredi wataelewa upesi. Mnajua kuna Kenya Stud Book, kitabu cha kuandikia mifugo. Ng'ombe wako hupanda ngazi kizazi baada ya kizazi, mpaka uzao wake unaitwa pedigri. Kitabu hicho kinakuambia baba ni nani, mama ni nani, babu na nyanya ni nani.

Kwa mbwa ni vile vile. Huko Uingereza maonyesho ya kwanza ya mbwa yanayokumbukwa yalifanywa mwaka 1859 katika mji wa Newcastle. Baadaye watu wakaona kwamba bila kitabu kila mtu anadai lake. Kwa hivyo mwaka 1873 wakaanzisha Kennel Club huko London, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chao cha kwanza cha nasaba. Hapa kwetu kazi ya kusajili mbwa wa nasaba na kuandaa maonyesho yao inafanywa na East Africa Kennel Club, ambayo iko Nairobi.

Sasa sikilizeni vizuri. Karatasi ya usajili inakuambia mbwa ametoka wapi. Haikuambii kama ana minyoo. Haikuambii kama amechanjwa. Haikuambii kama mama yake ni mkali kwa watoto. Mbwa mwenye karatasi nzuri anaweza kufa kwa pavo kama yule wa kikapuni. Karatasi haibweki, na karatasi haimzuii mwizi. Ni mwanzo wa ukweli, na ukweli uliobaki ni lazima utoke kwa mfugaji mwenyewe.

KWA NINI WANANCHI HAWATUJII?

Nimeuliza watu wengi swali hili, sokoni na kwenye matatu. Majibu yao ni matatu.

La kwanza ni lile la jirani yangu: "Hao ni mbwa wa matajiri." Na tukubali, tumelileta wenyewe. Tunakutana sisi kwa sisi kwenye maonyesho, tunapeana zawadi, tunarudi nyumbani. Mtu wa kawaida hajui hata siku ya kuja kutazama.

La pili ni bei. Mtu anaona mbwa wangu ni bei ya mbuzi wawili, na yule wa kikapu ni bei ya kuku watatu. Hatujamweleza kilichomo ndani ya bei.

La tatu ni maneno yetu. Tukiulizwa swali rahisi tunajibu kwa maneno ya klabu. Mama anauliza, "Mbwa huyu atakaa na watoto wangu?" nasi tunamwambia juu ya kombe alilopata babu yake. Hilo si jibu. Mama ameuliza juu ya watoto wake.

NJIA ZA KUWAFIKIA

Sasa nitataja njia ambazo nimezijaribu au nimeziona zikifanya kazi. Andikeni, kama mna kalamu.

1. Anza na siku ya chanjo.

Wakati afisa wa mifugo anapokuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, watu huja na mbwa wao kutoka kila upande. Hapo ndipo wananchi wenye mbwa walipo. Mimi humwomba afisa ruhusa nije kusaidia: kushika mbwa, kuandika majina, kupanga foleni. Siuzi kitu siku hiyo. Lakini watu wananiona, wanaona mbwa wangu ametulia kwenye kamba, wanauliza. Siku hiyo moja imenipa marafiki kuliko kibao changu cha miaka miwili.

Na hii si hila ya biashara tu. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa Kenya kwa hakika mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na mpaka leo kinaua watu wetu, hasa watoto. Serikali yetu ilitoa mpango mwaka 2014 wa kukimaliza kifikapo mwaka 2030. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ugonjwa hauulizi karatasi. Mbwa wangu wa nasaba na mbwa-koko wa sokoni ni lazima wote wachanjwe, kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Na mtu akiumwa na mbwa, usingoje kuona dalili. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha kimbia hospitalini ukachanjwe. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mfugaji akiwafundisha watu hili, hata wasiponunua mbwa, amewafikia.

2. Julikana na daktari wa mifugo na duka la agroveti.

Mtu akitaka mbwa, huuliza wapi? Huuliza pale anaponunua dawa ya kupe. Mwambie mwenye agroveti una mbwa gani na watazaa lini. Mwachie namba ya simu iliyoandikwa vizuri. Usimpe pesa ili akusifu. Mwalike aje aone boma lako mwenyewe, ili akisema neno awe anasema alichokiona.

3. Mpeleke mbwa pale watu walipo.

Huko Uingereza kuna maonyesho makubwa yaitwayo Crufts. Yalianza London mwaka 1891, na tangu mwaka 1991 yanafanyika Birmingham. Wako wanaokwenda kushindana, lakini kuna sehemu moja iitwayo Discover Dogs. Pale kila aina ya mbwa ina kibanda chake, karibu aina 200. Wenye mbwa wanasimama hapo pamoja na mbwa wao, na mwananchi yeyote anaweza kumgusa mbwa na kuuliza: anakula kiasi gani, anahitaji nafasi gani, anapenda watoto? Mwenye mbwa anajibu mazuri na mabaya. Hilo ndilo tunaloweza kuliiga, hata bila jumba kubwa.

Sisi tuna maonyesho ya kilimo, tuna siku za wakulima, tuna baraza la chifu. Omba nafasi ya meza moja. Peleka mbwa mmoja mtulivu aliyekwisha kuchanjwa, mwenye kamba na maji ya kunywa. Onyesha jinsi anavyotii. Watu huamini kazi kuliko maneno. Watazameni mbwa wa KWS wanaonusa pembe za ndovu kwenye viwanja vya ndege na bandari ya Mombasa. Aliyewaona wakifanya kazi hahitaji kuelezwa faida ya mbwa aliyefunzwa.

Na wale wa mbuzi mnakumbuka. Chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa kilipoanza mwaka 1994, na baadaye mbuzi wa Toggenburg walipoletwa Meru, watu hawakushawishiwa na kitabu. Beberu alikaa kwa mwanakikundi mmoja kijijini, majirani wakaleta majike yao, wakaona watoto waliozaliwa, wakaona maziwa kwenye kikombe. Kitabu kilifuata.

4. Fungua lango, mwonyeshe mama.

Hii ndiyo njia kubwa kuliko zote. Mnunuzi aje nyumbani kwako mchana, aone watoto wakinyonya, aone mama yao yukoje. Mama akiwa mwoga au mkali kupita kiasi, watoto huenda wakamfuata. Akiona banda ni safi na mama ana afya, anaondoka na imani.

Jambo hili ni kubwa hata Uingereza wameliwekea sheria. Mwaka 2013 mbwa jike mmoja aitwaye Lucy aliokolewa huko Wales, kutoka mahali alipokuwa akizalishwa mfululizo gizani, mgongo umepinda. Alikufa mwaka 2016. Watu walipiga kelele, na mwezi wa Aprili 2020 sheria iliyopewa jina lake ilianza kufanya kazi katika Uingereza: hakuna dalali au duka kuuza watoto wa mbwa au paka walio chini ya miezi sita. Anayetaka mtoto wa mbwa aende kwa aliyemzalisha, au kwenye makao ya mbwa waliookolewa. Na muuzaji ni lazima amwonyeshe mnunuzi mtoto akiwa pamoja na mama yake.

Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Ninyi wanunuzi, chukueni neno hili moja tu mwende nalo nyumbani: "Mama yake yuko wapi?" Muuzaji akianza kuzungukazunguka, rudisha pesa mfukoni.

5. Toa karatasi ya pili, kwa lugha ya watu.

Pamoja na karatasi ya usajili, mimi humpa mnunuzi ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Umeandikwa tarehe ya kuzaliwa, siku alizopewa dawa ya minyoo, chanjo alizopata na zilizobaki, chakula alichozoea, na namba yangu. Dawa ya minyoo huanza mtoto akiwa na wiki mbili, maana minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa watoto wetu pia. Chanjo ya pavo huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Chanjo moja haitoshi. Wengi hawajui hilo, na ndiyo sababu mbwa wengi "waliochanjwa" hufa.

Pia simwachii mtu mtoto wa mbwa kabla ya wiki nane. Hata akilia. Hata mimi nikiwa na haja ya pesa.

6. Eleza bei.

Usione haya kueleza. Mwambie mtu: mama amebeba mimba siku 63, alihitaji kula vizuri siku zote hizo. Nimelipa daktari, chanjo, dawa, unga, usajili. Nimekaa macho usiku wa kuzaa. Mtu akiona hesabu, anaelewa. Asipokuwa na pesa zote, kikundi chake kinaweza kumsaidia kwa mzunguko, kama tunavyonunuliana sufuria na blanketi. Tena, si kila mtu anahitaji mbwa wa kuzalisha. Mbwa aliyekomaa, ambaye hafai kwa maonyesho lakini ni mlinzi mzuri, anaweza kuuzwa kwa bei nafuu. Sema hivyo wazi.

7. Tumia simu, lakini kwa uangalifu.

Siku hizi picha ikiingia katika kundi la WhatsApp inafika Mombasa na Kisumu kabla chai haijapoa. Ni njia nzuri. Lakini wezi nao wameijua. Wanachukua picha ya mbwa wa mtu mwingine, wanaomba ada ya kumhifadhia mbwa kwa M-Pesa, kisha wanazima simu. Kwa hivyo mfugaji mwaminifu afanye kinyume chao. Tuma picha za mama na watoto pamoja, sema mahali ulipo, na mwambie mtu: "Usinitumie hata shilingi kabla hujaja kuona." Hapo utakuwa umejitenga na matapeli bila kuwataja.

TUSEME UKWELI HATA UKITUUMA

Kuna jambo moja wenzangu hawapendi kulisikia. Nitalisema.

Mwezi wa Agosti 2008 televisheni ya BBC ilionyesha filamu juu ya mbwa wa nasaba wa Uingereza. Wananchi waliona mbwa wenye kombe na karatasi nzuri, lakini wagonjwa. Wengine fuvu ni dogo kuliko ubongo, wanalia kwa maumivu. Sababu mojawapo ilikuwa kupandisha ndugu kwa ndugu ili kupata sura inayopendwa na waamuzi. Watu walikasirika. Mwaka 2009 BBC haikuonyesha tena Crufts, baada ya miaka mingi ya kuyaonyesha. Mwaka huo huo Kennel Club ikakataa kusajili watoto waliozaliwa na baba na binti yake, mama na mwanawe, au ndugu wa tumbo moja.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu imani ya wananchi hujengwa kwa miaka na huvunjika kwa jioni moja. Wafugaji wale hawakukosa njia za kuwafikia watu. Walikuwa na televisheni! Walichokosa wengine wao ni ukweli wa kuwaambia.

Na tusidharau mbwa wa kienyeji. Kuna mbwa mmoja aitwaye Basenji, mbwa wa uwindaji kutoka misitu ya Kongo. Habweki kama wengine, hutoa sauti kama ya kuimba. Jina lake ni jamaa wa neno letu "shenzi". Wale waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa upesi kwa ugonjwa. Wengine wakafuata baadaye, wakasajiliwa, wakawa mbwa wa thamani Ulaya na Marekani. Lakini wote walitokana na mbwa wachache tu, na ugonjwa wa figo ukaenea kati yao. Ilibidi mwaka 1990 Marekani wafungue tena kitabu chao, ili kuwaandika mbwa wapya waliotolewa vijijini Afrika. Mnaona? Mbwa wa kitabuni aliokolewa na binamu yake wa kijijini. Kwa hivyo mtu akija kwako na mbwa-koko wake, usimcheke. Msaidie amchanje.

NENO KWA VIKUNDI VINAVYOTAKA KUANZA

Msidanganywe kwamba mbwa ni pesa za haraka. Anzeni na jike mmoja mzuri, msimpandishe kabla hajakomaa, na mpumzisheni kati ya uzazi mmoja na mwingine. Kennel Club ya Uingereza tangu mwaka 2012 haisajili zaidi ya uzazi minne kwa jike mmoja. Hiyo ni kipimo kizuri hata kwetu. Tafuteni wanunuzi kabla ya kupandisha, si baada ya kuzaa. Wekeni daftari la kikundi: nani alinunua, lini, mbwa anaendeleaje. Na ahidini jambo moja: mnunuzi akishindwa kumtunza mbwa, mtampokea tena. Mbwa wako akionekana anazurura sokoni, hilo ndilo tangazo lako, na ni baya.

Tena, jifunzeni kusema hapana. Mtu anayetaka mbwa wa kufungwa kwa mnyororo mchana na usiku, mwambie hapana. Mtu ambaye hayuko tayari kuchanja, mwambie hapana. Utapoteza pesa leo, lakini jina lako litabaki.

NAMALIZIA

Mtauliza, jirani yangu aliishia wapi? Siku ile nilipompa pole aliniomba mtoto mmoja papo hapo. Nilitamani kumpa, nilikuwa na wanane wa kulisha! Lakini nilimwambia hapana, si sasa. Pavo hukaa kwenye udongo wa boma miezi mingi, hata mwaka. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo angekufa pale pale. Tulichoma matandiko, tukaosha sakafu na banda kwa maji ya jiki. Nikamweka mtoto mmoja kwangu kwa ajili yake, nikamlisha mpaka chanjo zote zikaisha. Ndipo nikamkabidhi, naye akanilipa kidogo kidogo.

Mtoto wake alimpa mbwa huyo jina la mmoja wa wale waliokufa. Na baba mtu, bila mimi kumwomba, alileta wanunuzi watatu kabla ya mwaka kuisha. Kila mmoja alifika langoni kwangu na swali lile lile: "Naweza kumwona mama?"

Kile kibao cha Kiingereza nilikitoa. Sasa pameandikwa kwa Kiswahili: "Tunafuga mbwa. Karibu uone."

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, mtu akitaka mbwa humpata wapi? Je, huonyeshwa mama?
2. Mbwa wangapi wa wanakikundi wamechanjwa mwaka huu dhidi ya kichaa? Ni nani atakayemwona afisa wa mifugo kuhusu waliobaki?
3. Kama kikundi chetu kinauza kitu chochote, kuku, mbuzi, miche au asali, majirani wa lango la tatu wanajua? Tuwaulize wiki hii.